Asilimia Tisa za Nasma

Kila siku ya shule, jioni, Nasma alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuigusa. Mama yake akishaegesha gari kwenye kibanda cha mabati, pale kwao Usagara, alishuka haraka kuwahi sala ya alasiri. Nasma aliingia upande wa usukani, akachomeka kifaa kidogo chini ya dashibodi, akawasha simu kuukuu ya baba yake na kusoma asilimia za chaji zilizobaki. Kisha aliandika kwenye daftari: kilomita zilizokwendwa, asilimia zilizotumika, abiria wangapi, kiyoyozi kiliwashwa au la, mvua ilinyesha au la. Mwisho aliunganisha waya wa umeme kutoka ukutani, gari likaanza kupokea chaji taratibu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la umeme, lililotumika Japani miaka tisa kabla ya kushushwa Dar es Salaam. Watu wa mtaani waliliita Bubu kwa sababu halikuwa na mngurumo. Kuku wa jirani walishtuka likiwa limeshawafikia, wakaruka kwa makelele. Baba yake Nasma, Miraji, seremala mwenye karakana Ngamiani, hakuchoka kumtania mkewe.

"Baiskeli yangu haijawahi kuniuliza asilimia," alisema. "Mimi nikila ugali, yenyewe inakwenda."

"Na siku ukiumwa goti, yenyewe itakubeba?" Mama alimjibu, na Baba akacheka.

Mama ndiye Mwalimu Saleha, aliyefundisha hisabati huko Pongwe, kilomita kumi na nne kutoka nyumbani. Muuzaji alimwapia kwamba betri ikijaa, gari litakwenda kilomita mia moja na sitini. Mama si mtu wa kuapiwa. "Muuza papa hasemi papa wake ananuka," alisema, akalipeleka gari kwa Castory, fundi umeme wa magari pale Ngamiani.

Castory alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Alimweleza kwamba vile vijiti kumi na viwili vya chaji kwenye dashibodi si vya kutegemea, kwani vingine hushuka haraka na vingine hung'ang'ania. Akamwazima kifaa chake. "Pima mwenyewe, Mwalimu, kwa njia yako ya kila siku. Betri hii si changa. Kiyoyozi kinakula chaji, mlima unakula, mwendo wa kasi unakula, abiria nao wanakula."

Kuhusu abiria hakukuwa na dawa. Mama hakuweza kumpita mtu anayemfahamu amesimama juani huku yeye ana viti vitatu vitupu. Kila jioni gari lilitoka Pongwe limejaa walimu na vikapu vyao, na Mama akamwachia Nasma daftari lote, maana alimwamini.

Wiki ya pili ya kupima, ilikuja barua. Mwalimu Saleha ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Kwamzindi, kijiji cha milimani, mbele ya Muheza. Miaka kumi na mmoja alikuwa akingoja nafasi ya namna hiyo. Alipiga kigelegele peke yake jikoni, mpaka jirani akaja mbio kuuliza kuna harusi ya nani.

Nasma hakupiga kigelegele. Alipokuwa na miaka saba, Mama alihamishiwa Kilindi, akakaa huko miaka miwili, akirudi wakati wa likizo tu. Nasma alikumbuka jinsi Mama alivyofika likizo ya kwanza, na yeye akajificha nyuma ya mlango akimwonea haya kama mgeni. Alikumbuka pia kwamba Mama aliliona hilo, akaingia chumbani, akalia.

Usiku ule Mama alisema wazi, wote wakisikia. "Kwenda na kurudi Kwamzindi ni kilomita mia moja na kumi na mbili. Daftari likinionyesha gari linafika mia na thelathini, nitakubali na nitalala nyumbani kila siku. Lisipofika, ama nikatae, ama nipange chumba kulekule. Wiki mbili zijazo, namba zitasema."

Kumbe namba zilikuwa zimeshaanza kusema. Nasma alikuwa Darasa la Sita, na kugawanya alijua. Kwa kilomita ishirini na nane za kila siku, gari lilitumia asilimia ishirini na saba. Betri nzima basi ilitoa kilomita mia moja na nne hivi. Hazikutosha hata kwenda na kurudi.

Jioni iliyofuata alisoma ishirini na saba, akaandika kumi na nane. Siku ya mvua alisoma ishirini na nane, akaandika kumi na tisa. Kila siku alipunguza tisa, si zaidi wala si pungufu. Alijiambia kwamba hata hivyo betri itazoea njia. Ati betri itazoea! Betri si mtoto wa chekechea.

Wiki mbili zikatimia. Mama alipiga hesabu ya wiki hizo mbili mezani, bila kufungua kurasa za nyuma, akapata kilomita mia moja na hamsini na tano. "Alhamdulillahi! Kumbe muuzaji hakuniongopea sana," alisema, akamkumbatia Nasma. Nasma alifurahi, lakini chakula cha usiku kilimshinda.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Mama na Nasma waliondoka na chaji asilimia mia. Mama alitaka kuiona shule na kukabidhi barua yake ya kukubali kwa mwenyekiti wa kamati. Kwa kuwa daftari lilisema chaji ni tele, aliwasha kiyoyozi, akawa anaimba kaswida kwa sauti ya chini. Walipita Pongwe, wakapita mashamba ya mkonge, na walipofika Muheza vijiti vilikuwa vimebaki vinane. Kisha barabara ya lami ikaachwa, udongo mwekundu na milima vikaanza.

Nasma hakuondoa macho kwenye vile vijiti. Mara mbili alifungua mdomo aseme. Mara ya kwanza alisema anaona mbuzi. Mara ya pili alisema milima ni mirefu.

"Wewe leo una nini?" Mama alimuuliza.

"Sina kitu, Mama."

Walifika Kwamzindi saa mbili na nusu. Mama alizima gari, akaitazama dashibodi, akakunja uso. "Vijiti vitano? Hebu chomeka kifaa, usome."

"Arobaini na moja," alisema Nasma.

"Kwa hesabu ya daftari tungebakiwa na sitini na nne. Mlima umekula, sawa, lakini si hivi!" Mama alichukua simu yake, akampigia Castory, akaweka sauti ya nje. "Castory, nilikuamini. Kifaa chako kimenidanganya wiki mbili nzima. Niko milimani na mtoto, na chaji ya kunirudisha nyumbani sina."

"Mwalimu, mbona kifaa nilikijaribu kabla sijakupa?" Castory alisema. "Lakini kama ndivyo ilivyokuwa, kosa ni langu. Naona aibu sana, unisamehe. Nafunga banda sasa hivi, nakuja huko."

Simu ikakatika. Nasma alisikia masikio yanamwaka. Mtu mzima ameomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda, na aliyelitenda amekaa kitako kiti cha mbele amefunga mkanda.

"Mama, si Castory," alisema. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilipunguza tisa. Kila siku. Ikiwa ishirini na saba, naandika kumi na nane."

Mama alimkazia macho. Nasma alitamani agombezwe, kuliko kutazamwa vile. "Ulisema gari lisipofika mia na thelathini utapanga chumba," alisema huku machozi yakimtoka. "Sitaki uende tena. Sitaki urudi likizo nikuonee haya."

Mama naye machozi yalimlengalenga. Alinyoosha mkono kumfuta Nasma machozi, kisha akasita, akachukua simu. "Kwanza tumwahi Castory," alisema. Alipiga mara tatu. Simu haikupatikana. "Ameshaondoka, maskini wa Mungu. Nami nimemtolea maneno yale."

Mzee Fanueli, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa anakuja kuwapokea, fimbo mkononi.

"Shikamoo, babu," alisema Nasma, akijifuta uso.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unalia, milima yetu imekutisha?"

Mama hakuficha. Alimweleza Mzee kila kitu, na Nasma akasimama palepale akiangalia viatu vyake. Mzee Fanueli alisikiliza mpaka mwisho. "Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Ya kwako, mjukuu wangu, imekomea hapa uwanjani. Lakini, Mwalimu, hilo gari si linakula umeme tu? Ofisi yetu ina umeme tangu mwaka jana. Kuna soketi nyuma ya kabati."

Walisogeza kabati, waya ukapitishwa dirishani, gari likaanza kupokea chaji. Mama akamketisha Nasma kwenye meza ya ofisi na daftari lake.

"Kila mstari uliouharibu, utausahihisha. Usifute. Kata kwa mstari mmoja, andika namba ya kweli juu yake. Atakayesoma aone zote mbili."

Mama alikwenda kuona madarasa na Mzee. Nasma alikata na kuandika, kumi na nane ikawa ishirini na saba, kumi na tisa ikawa ishirini na nane, mpaka mkono ukamuuma. Kila baada ya saa moja alitoka kusoma chaji. Hamsini na moja. Sitini na moja. Aliandika hizo nazo, na alipokuwa akiziandika alisimamisha kalamu. Mama aliporudi alimkuta amejaza ukurasa mzima kwa hesabu.

"Mama, mwalimu mkuu anakaa shuleni saa ngapi kwa siku?"

"Saba. Nane wakati mwingine."

"Kuja hapa tumetumia hamsini na tisa. Soketi hii inarudisha kumi kila saa. Kwa saa sita gari linajaa tena. Asubuhi unakuja, linachajiwa unapofanya kazi, jioni unarudi nyumbani."

Mama alikaa, akaipitia hesabu ile mstari kwa mstari kama anayesahihisha mtihani, kisha akaipitia tena. Mzee Fanueli alichungulia begani kwake. "Umeme wake nitaulipia mwenyewe," Mama alimwambia, na Mzee akasema kamati haitakuwa na neno, kwani kijiji kilikuwa kinamhitaji mwalimu mkuu tangu mwezi wa kwanza.

"Ila nikwambie ukweli, Nasma," Mama alisema. "Masika yakikolea na njia ya udongo ikiharibika, kuna siku nitalala huku. Siwezi kukuahidi kila siku."

Jibu hilo lilimuuma Nasma. "Utaniambia mapema?"

"Nitakwambia mapema."

Mama aliandika sentensi mbili kuhusu soketi chini ya barua yake, akatia sahihi, akamkabidhi Mzee Fanueli kwa mikono miwili.

Waliondoka saa sita kasorobo wakiwa na asilimia sabini na moja. Safari hii kiyoyozi kilizimwa na vioo vikashushwa. Kwenye miteremko Mama aliondoa mguu kwenye pedali, na mota ikawa inairudishia betri chaji kidogo. Hakuzidisha mwendo wa hamsini.

Walipofika Muheza walimwona Castory. Alikuwa amesimama stendi na mkoba wake wa vyombo, jasho linamtiririka, akiulizia gari la kupanda milimani. Simu yake ilikuwa imeishiwa chaji, na tangu afike hakukuwa na gari lililopanda huko. Mama alisimamisha gari. Hakumwambia Nasma la kufanya. Nasma alishuka mwenyewe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mmefikaje? Gari limewafikisha kwa kusukumwa?"

"Kifaa chako ni kizima. Mimi ndiye niliyeandika namba za uongo, halafu Mama akakulaumu wewe. Naomba unisamehe."

Castory aliweka mkoba chini. Alivuta pumzi ndefu, na Nasma akaona kuwa mtu huyu alikuwa na hofu kweli. "Nimefunga banda, nimewaacha wateja wawili," alisema. "Njia nzima najiuliza, fundi akishaitwa mwongo, nani atamwachia gari lake? Nimekusamehe, mwanangu. Lakini usimfanyie hivi mtu mwingine."

"Na mimi unisamehe, Castory," alisema Mama, aliyekuwa ameshashuka. "Nilikulaumu kabla ya kuuliza. Panda, twende nyumbani, leo utakula wali kwetu."

Nasma alimwachia Castory kiti cha mbele, akakaa nyuma na mkoba wa vyombo mapajani. Walipokuwa wanaikaribia Pongwe, Mama alimtazama binti yake kwenye kioo.

"Nasma, najua ulifanya kwa kunipenda, na moyo wangu umelisikia hilo," alisema. "Lakini ile tisa yako haikuliongezea gari hata hatua moja. Ungeniambia ishirini na saba tangu siku ya kwanza, ningeuliza habari za soketi kwa simu tu, na Castory asingeungua jua. Mtu akikuficha shida, mwanangu, anakunyima nafasi ya kuitatua. Mimi nikiwa mbali au karibu, niambie lililopo, hata kama linauma. Tutajua la kufanya."

"Nimesikia, Mama," alisema Nasma.

"Basi shika ile simu, utusomee. Tuna ngapi?"

Nasma alisoma, na Mama hakugeuka kuhakikisha.