Tiki Arobaini na Moja

"Farasi haendi hivyo, mpenzi."

"Najua. Nilikuwa namnyoosha miguu."

Nesi hakucheka. Alimtazama mchumba wake, fundi friji, akihangaika mbele ya ubao wa chesi, kisha akavuta daftari la ratiba. Alikuwa amemwandikia mwenyewe, siku fundi aliposema, "Nifundishe mchezo wako, nisikae kwako kama kabati." Kila siku mafumbo dakika ishirini, mechi moja, halafu uandike ulikosea wapi. Ukimaliza, unatia tiki. Wiki sita zilikuwa zimejaa tiki, zimenyooka kama askari wa gwaride.

"Siku arobaini na mbili. Ulisoma zote?"

Fundi akaanza kupanga kete upya.

"Fundi, nakuuliza."

"Ya kwanza tu. Ya pili nilichelewa kazini, nikatia tiki, nikasema kesho nitafidia. Nikakutumia picha, ukaniita bingwa. Nikaona aibu kurudi nyuma."

"Kumbe nilikuwa nasifia hewa!"

"Jamani, si mchezo tu?"

"Chesi ni mchezo. Tiki ni neno lako. Wodini nikitia tiki kwamba mgonjwa kanywa dawa na hajanywa, mtu anakufa. Siolewi na mtu nisiyeiamini kalamu yake. Nenda."

Fundi aliondoka akiwa mdogo kama kidonge cha piritoni. Kesho yake simu ya nesi ikalia. Ujumbe:

"Jumatatu: sikusoma. Nilikuwa nakuwaza."

Hakujibu. Ukaja mwingine.

"Jumanne: dakika saba. Nikasinzia, nikaamka na alama ya mfalme shavuni."

"Jumatano: mafumbo mawili. Yote nimekosa."

Fundi hakubembeleza, hakuomba msamaha kwa maua. Alituma ukweli wa siku, basi. Wiki ya tatu, nesi akiwa kwenye mapumziko, akasoma:

"Nimeshinda mechi ya kwanza! Nilicheza na shangazi. Alikuwa anaangalia tamthilia."

Chai ilimpalia kwa kicheko.

"Huyo mwanaume anakutumia nini?" aliuliza msimamizi wa wodi.

"Makosa yake, dada."

"Wangu miaka kumi na nane hajawahi kukiri hata moja. We chezea bahati tu!"

Nesi akapiga simu.

"Haloo?" Fundi alipokea mlio wa kwanza tu.

"Fumbo la juzi ulikosea kwa sababu una pupa ya kula kete. Tuliza mkono."

"Umenisamehe?"

"Sijafika huko. Njoo saa kumi, nikitoka zamu."

Walicheza kwenye bustani ya hospitali. Fundi alijitahidi hadi jasho likamtoka, lakini alifungwa. Bila kuambiwa, akachukua kalamu akaandika daftarini: "Nimefungwa. Nilimwacha malkia peke yake."

Nesi akampokonya kalamu, akaandika chini yake: "Na mimi nilikosea. Wiki tatu nimesoma kila ujumbe wako, nikajifanya sijauona."

Fundi akasoma mara mbili.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo waambie wazee wako waje kwetu Jumapili. Na wasichelewe, mama hataki mchezo na saa."

Fundi aliruka juu, goti likaupiga ubao, kete zikatawanyika nyasini. Wakainama wote wawili kuziokota. Ilichukua muda mrefu, maana fundi alikataa kuuachia mkono wa nesi, na nesi naye hakuuvuta.