Ubao Uliokatwa Mfupi

Kila jioni, binti wa seremala alipotoka shule alivua viatu mlangoni mwa karakana, akakanyaga maranda kwa miguu mitupu, akashika futi. Macho ya baba yake yalikuwa yameanza kumtupa mkono, na habari za miwani hakutaka kuzisikia. Kwa hiyo binti alisoma kipimo, baba akatia alama ya penseli, msumeno ukaingia kazini. Mwaka mzima hakuwahi kusoma vibaya.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa kipa wa klabu ya mpira ya wasichana shuleni kwao, na hata nyumbani walimwita Kipa. Seremala mwenyewe aliacha shule mapema, bila kuleta nyumbani hata karatasi moja ya kusifiwa. Klabu ilipofika nusu fainali, alichonga rafu ya vikombe, akaipigilia sebuleni. Ilikuwa na nafasi tatu. Zote tupu.

"Wewe mwanamume ungeshona nepi kabla ya kuoa," mkewe alimtania.

Jumatano, siku ya nusu fainali, Kipa aliruka kudaka mpira wa kona, akagonga kichwa kwenye mlingoti wa goli. Alianguka, akatulia.

"Inuka!" seremala alipaza sauti kutoka pembeni. "Kipa halali!"

Mwalimu wa michezo alimmwagia maji kichwani. "Unaweza kuendelea?"

"Naweza."

Akaendelea. Wakashinda. Fainali ikawa Jumamosi.

Alhamisi asubuhi Kipa alitapika. Akasema mwanga wa dirishani unamuumiza.

"Tumpeleke hospitali," mama yake alisema.

"Watamkataza kucheza. Hana hata mchubuko! Mpe dawa ya kichwa." Seremala alimgeukia binti yake. "Na wewe, mwalimu akikuuliza, huumwi. Umesikia?"

"Ndiyo, baba."

Jioni hiyo jirani yao, ambaye ni nesi, alikuja karakana kuangalia kabati lake la jikoni. Ulibaki ubao mmoja tu likamilike. Kipa aliweka futi kwenye kabati.

"Soma, mwanangu."

"Sitini na nane."

Seremala akapima, akakata. Alipouweka ubao mahali pake, ulipwaya. Ulikuwa umepungua karibu shubiri nzima. Kipimo halisi kilikuwa themanini na sita.

"Akili umeiacha wapi leo? Ubao mzuri namna hii!"

Kipa aliutazama ubao kama kitu cha mgeni. Kisha akauliza, "Baba, jana tulishinda?"

"Unaniuliza mara ya tatu sasa!"

Nesi aliinuka kwenye benchi. "Mara ya tatu? Kipa, jana mlicheza na shule gani?"

Binti alitazama miguu yake. "Sikumbuki."

"Jana aligonga kichwa mahali?"

Seremala alimweleza yote, kuanzia mlingoti wa goli hadi kutapika na mwanga wa dirishani, kwa sauti ndogo. "Lakini hana jeraha, dada. Mguse mwenyewe."

"Jeraha liko ndani, fundi. Ubongo umetikiswa. Kutapika, kuumwa na kichwa, kusahau, kuumizwa na mwanga, hizo ndizo dalili zake. Akilala ukashindwa kumwamsha, au akianza degedege, ujue maisha yake yako hatarini. Na wewe unataka acheze Jumamosi?"

"Ni fainali."

"Kiti ulichokipaka gundi leo, unamkalisha mtu leo leo?"

"Siwezi. Gundi haijashika."

"Basi huyu hajashika. Akigongwa tena kabla hajapona, anaweza kufa uwanjani, na wewe upo pembeni unampigia kelele ainuke. Vaa shati, twende hospitali."

Njia nzima seremala alimshika binti yake mkono. Ulikuwa wa baridi.

Daktari alimlaza Kipa siku tatu. Jumamosi seremala alikaa kando ya kitanda, pazia limefungwa, wakati klabu ikifungwa mabao manne kwa sifuri. Kipa wa akiba alilia. Mzazi mmoja alisema, "Eti kichwa kinauma tu!" Maneno hayo yalifika hospitalini kabla ya salamu za pole.

Jumatatu seremala alikwenda kwa mwalimu wa michezo.

"Nilimfundisha akudanganye," alisema.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Na mimi nilimmwagia maji, nikamrudisha golini. Wote wawili tulikuwa vipofu."

Seremala alirudi karakana, akauchukua ule ubao mfupi. Akaupiga randa. Kwa rangi nyeusi na herufi kubwa akaandika: ALIYEGONGWA KICHWA ANATOKA. HARUDI SIKU HIYO, HATA AKISEMA YUKO SAWA. MZAZI AAMBIWE. APIMWE. ATACHEZA DAKTARI AKIRUHUSU. Akaupigilia mlangoni pa chumba cha mipira.

Mwezi uliofuata mfungaji wao hodari aligongana kichwa na mwenzake. Alilia, akasema yuko sawa. Mwalimu alimtoa. Mechi walipoteza. Mtoto alipelekwa kupimwa siku hiyo hiyo, na baada ya wiki tatu alirudi uwanjani mzima.

Kipa hakupona upesi hivyo. Kichwa kilimsumbua wiki nyingi. Alianza kwa kutembea, kisha kukimbia polepole, na mpira alikuwa bado hajaruhusiwa. Rafu sebuleni ilibaki tupu, na hakuna aliyeitania tena.

Jioni moja alivua viatu mlangoni, akaingia, akashika futi mwenyewe.

"Themanini na sita," alisoma.

Seremala alitoa miwani yake mipya mfukoni, akainama, akatazama. Ilikuwa themanini na sita.

Alishika penseli, lakini hakutia alama.

"Baba?"

"Soma tena, mwanangu," alisema. "Nataka tu kukusikia."