Mvinyo Safi ni wa Wageni

"Nusa kwanza," alisema dada mwongoza wageni. "Zungusha glasi taratibu, nusa, halafu uniambie unasikia harufu gani."

Ndimu alizungusha glasi. Akanusa.

Alichosikia ni hasira tupu.

"Matunda," alijibu.

Dada akafurahi. Wageni wenzake wakatikisa vichwa kana kwamba wamesikia neno la maana. Walikuwa wameketi kwenye meza ndefu chini ya turubai jeupe, mizabibu imewazunguka pande zote. Mezani palikuwa na jibini za kila aina, zeituni, na mikate iliyotoka kwenye tanuri muda si mrefu. Pembeni kondoo mzima alikuwa akigeuzwa juu ya makaa. Mama mmoja mwenye kofia pana alikuwa amefumba macho, mvinyo umemjaa mashavuni, akiutafuta utamu wake kwa ulimi.

Kifaa kilichofichwa ndani ya sikio la Ndimu kikakwaruza.

"Shangazi hayupo kwenye basi." Ilikuwa sauti ya Mjomba. "Narudia. Shangazi hayupo kwenye basi."

Ndimu aliitua glasi kwa kishindo.

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa mkuu wa idara ya upelelezi. Na Shangazi ilikuwa sumu, basi ni malori ya shamba.

Ndimu akajifuta mdomo kwa leso, akanong'onea humo humo kwenye leso.

"Mmesimamisha magari yote?"

"Malori yote ya shamba. Tumefungua chupa, tumefungua mapipa. Mvinyo safi kabisa. Madereva wanatucheka."

"Sumu imetoka asubuhi hii. Pampu nimeziona zikiivuta kwa macho yangu."

"Basi imetoka na gari gani?"

"Ningejua, ningekuwa hapa natafuna jibini?"

"Punguza hasira, Ndimu."

"Nipunguzie wewe."

Jina hilo alipewa na wenzake kazini kwa sababu ya uso aliokuwa akija nao asubuhi. Jioni nao haukuwa na nafuu. Lakini miezi hii ya karibuni hata watani wake walikuwa wameacha kumtania, maana walijua.

Mwenye shamba aliitwa Kizibo, kwa vile alikuwa fundi wa kuziba watu midomo. Yeye na wenzake wa ng'ambo walikuwa wakivusha mpakani spiriti ya viwandani, ile ya kutolea rangi kwenye mbao, kwa madai kwamba ni dawa ya kusafishia mapipa. Wakaichanganya na mabaki ya mvinyo, wakayauza kwa bei ya kutupa kwenye vilabu vya mitaani. Waliokunywa waliona ukungu kwanza. Kisha hawakuona kitu. Wengine hawakuamka.

Mdogo wake Ndimu, fundi seremala, alikunywa glasi moja kwenye sherehe ya kumuaga fundi mwenzake. Sasa anatembea kwa kupapasa kuta.

Na leo ilikuwa mwisho wa mwezi. Jioni watu wangetoka kazini na mishahara yao, wakae vilabuni, waagize. Kama mzigo ule haungepatikana kabla ya hapo, mtaa mzima ungelala na macho ukaamka bila macho.

Ndimu akatoa kalamu mfukoni. Kwa kuitazama tu, ilikuwa kalamu ya kawaida. Ncha yake ikikutana na spiriti ile, hugeuka bluu. Akaichovya kwenye glasi.

Nyeupe.

Akaijaribu glasi ya pili. Nyeupe vilevile.

Damu ikamchemka. Kumbe mvinyo safi ulikuwapo! Ulikuwapo siku zote, umepoozwa vizuri, una dada wa kuumimina na kitambaa cha kuupangusia chupa. Mvinyo safi ni wa wageni. Kwa kina mdogo wake Kizibo alipeleka upofu.

"Na wewe, mheshimiwa? Unauonaje mvinyo wetu?"

Kizibo alikuwa amesimama nyuma yake. Suti nyeupe, viatu vyeupe, tabasamu la mtu anayependa kupigwa picha. Kando yake alisimama mlinzi mwenye shingo nene.

"Mzuri," alisema Ndimu, ambaye siku hiyo alikuwa mnunuzi wa vinywaji wa hoteli kubwa.

Kizibo akatazama glasi. Akatazama kalamu iliyokuwa ndani yake. Tabasamu likanyauka.

"Kalamu nzuri," alisema. Kisha akamgeukia mlinzi. "Msindikize mheshimiwa."

Mkono wa mlinzi ukaingia ndani ya koti.

Ndimu hakusubiri utoke. Alinyakua ubao mzito wa jibini, akamtandika nao kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Ubao ukarudi kinyumenyume, ukamkuta mlinzi kidevuni. Akalala chali katikati ya zeituni.

"Jibini yangu!" alipiga kelele mama mwenye kofia.

Kizibo alikuwa ameshatimua mbio.

Ndimu akaokota ile Glock, akamfuata. Walipita kati ya mistari ya mizabibu, matawi yakiwachapa nyuso, zabibu zikipasuka chini ya soli. Kizibo hakukimbilia kwenye Land Cruiser yake. Alikata kona, akaingia kwenye mlango wa ghala la chini ya ardhi.

Ndimu akaelewa. Huko chini palikuwa na tangi lenye spiriti iliyobaki. Akifungua koki, ushahidi wote unaingia kwenye mtaro.

Mlangoni palikuwa na rafu ya mishumaa. Ndimu akasimama, akawasha mmoja.

Ilibidi. Msimu wa mavuno ulikuwa ndiyo kwanza umeisha, na huko chini juisi ya zabibu ilikuwa ikichachuka kwenye mapipa makubwa. Juisi ikichachuka hutoa hewa nzito isiyo na harufu, inayotuama sakafuni na kumzimisha mtu kabla hajajua kuna nini. Wafanyakazi wa ghala hushuka na mshumaa, wanaushika chini. Ukizimika, wanageuka. Ndimu alifundishwa hayo alipokuwa akijiandaa kuigiza mnunuzi. Masomo mengine yote alisinzia.

Kizibo hakuwahi kukamua zabibu hata moja maishani mwake. Shamba alilinunua lililo tayari, kwa ajili ya kujifichia. Alishuka na tochi ya simu.

"Kizibo!" Ndimu aliita kutoka kwenye ngazi. "Panda juu! Huko hakuna hewa!"

Chini kabisa, mwanga wa simu ulikuwa ukichezacheza. Kizibo alikuwa amechuchumaa anahangaika na koki.

"Unanitisha na mshumaa?" Akacheka. "Hayo waambie vibarua wangu."

Ndimu akaushusha mshumaa usawa wa magoti. Moto ukalala, ukafifia, ukafa. Akarudi juu ngazi kadhaa, akauwasha tena.

"Mzigo umetoka na gari gani?"

"Mzigo gani?" Kizibo alikohoa. "Wewe... mzigo..."

Simu ikaanguka. Kisha ukasikika mwili.

Ndimu alibaki amesimama.

Kimya. Kimya kizuri, tena. Hakuna aliyempiga risasi, hakuna aliyemsukuma. Alijiendea mwenyewe kwa miguu yake, na viatu vyake vyeupe. Ndimu aliona mikono ya mdogo wake ikiutafuta mlango. Alimtaka mtu huyu afe. Alilitaka sana hilo, hadi meno yakamuuma kwa kuyakaza.

Lakini gari lenye sumu lilikuwa barabarani, na aliyelijua alikuwa amelala sakafuni.

Ndimu alitukana tusi ambalo mama yake hakumfundisha. Akavuta pumzi kifua kikajaa, akaibana, akashuka.

Alimshika makwapani, akamburuta ngazi kwa ngazi, kifua kikiwaka, masikio yakivuma. Walipotokeza nje wakaanguka wote wawili kwenye nyasi.

Kizibo alitapika. Akavuta hewa. Akafumbua macho.

"Ahsante," alikoroma. "Ahsante, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako. Gari gani?"

"Tukae tuzungumze kiutu uzima, ndugu..."

Ndimu alimshika vifundo vya miguu, akaanza kumburuta kurudi mlangoni. Kucha za Kizibo zikachimba nyasi.

"Niache! Niache!"

Mlango ulikuwa unakaribia.

"Maziwa! Gari la maziwa! Tangi jeupe!"

"Linakwenda wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha barafu! Wale wa ng'ambo wanalipokea huko, wanagawa kwenye madumu! Nakuapia, bwana mkubwa!"

Ndimu akaiachia miguu.

"Mjomba. Shangazi kapanda gari la maziwa. Tangi jeupe, nyuma ya kiwanda cha barafu."

Kifaa kikakwaruza sikioni.

"Lile tuliliacha lipite," alisema Mjomba. "Dereva alitupungia mkono."

"Na nyie mkampungia?"

Zikasikika injini, breki, milango, watu wakifokeana. Ndimu alisubiri akiwa amemwelekezea Kizibo bastola, jasho likimtiririka mgongoni. Wageni walikuwa wamejikusanya kwa mbali, glasi zao mkononi.

"Tumelipata," Mjomba alisema hatimaye, akihema. "Kalamu ni bluu iliyokolea. Hakijashushwa hata kidumu kimoja. Na wale mabwana wa ng'ambo wamelala kifudifudi na suti zao, pingu mikononi."

Ndimu akafumba macho, akayafumbua.

"Kwa nini ulinitoa?" Kizibo aliuliza kutoka kwenye nyasi.

"Usiniulize. Hata mimi bado najiuliza."

Polisi walipokwisha kumchukua Kizibo, Ndimu alichukua simu yake. Sheria za idara zinakataza. Akapiga hivyo hivyo.

"Kaka," alisema mdogo wake. "Umempata?"

"Nimempata."

"Mzima?"

"Mzima. Wamemchukua."

"Anaona?"

Ndimu akawapa wageni mgongo.

"Anaona."

Upande wa pili palisikika kijiko kikigonga sufuria kwa nguvu, mara moja, mara ya pili.

"Mzigo wake je?"

"Wote umekamatwa. Hakuna aliyekunywa."

Mdogo wake alishusha pumzi ndefu.

"Umekula?"

"Nimelishwa tangu asubuhi."

"Sikukuuliza kama umelishwa."

"Sijala."

"Basi njoo. Nimekaanga mayai mwenyewe. Yameungua upande mmoja, na ole wako uniambie ni upande gani."

Ndimu akarudisha simu mfukoni. Alipita katikati ya wageni bila kumtazama mtu. Alipofika mezani akachagua mkate mkubwa kuliko yote, akaubana kwapani.

"Samahani, mheshimiwa," dada mwongoza wageni alisema kwa sauti ndogo, "bado hatujafika kwenye nyama."

"Endeleeni," alisema Ndimu, akaelekea kwenye gari lake.