Nani Akae Kiti cha Korti?

Tamar alikuwa mtu wa kuuliza. Jambo likimfikia, hakuliacha mpaka aujue mzizi wake. Yeye na mumewe Danson walilima mpunga na mahindi huko Idsowe, kwenye udongo mweusi ambao mto huuacha baada ya mafuriko. Asubuhi alifukuza ndege mpungani. Jua likipanda, Kinsi, mke wa mfugaji Yarrow, alimletea maziwa, naye akampimia mahindi. Waliishi hivyo miaka mingi, mkulima na mfugaji.

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kuwachagua wajumbe wao wa baraza la kutunga sheria. Si wote walioruhusiwa kupiga kura, lakini habari zilifika kila kijiji. Mwaka huohuo mzee mmoja wa korti ya wazee alifariki, kiti chake kikabaki wazi. Korti hiyo iliamua kesi za mashamba, mifugo na ndoa. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alitangaza kwamba atakuja Garsen kusikia maoni ya watu, kisha atamteua mzee mwingine.

Vijana wa Idsowe hawakuridhika. Walisema kama mjumbe anapigiwa kura, mzee wa korti naye apigiwe. Tena walimtaka Danson. Danson alikuwa mtu wa heshima, na jambo hilo lilimpendeza. Akaanza kupita nyumba hadi nyumba. Kila alikokwenda aliulizwa juu ya malka, ile njia ambayo mifugo hupita katikati ya mashamba kwenda kunywa maji mtoni. Naye akaahidi kwamba akikalia kiti, malka itafungwa.

Tamar alifurahi. Aliyajua maumivu ya kukuta mpunga umelala chini, umekanyagwa. Isitoshe, mama mkwe wake, Asenath, alikuwa na kesi ya namna hiyo. Ng'ombe wa Yarrow walikuwa wameingia mpungani mwake, na kesi ilimngoja mzee mpya.

Siku moja Kinsi alileta maziwa, lakini hakuketi kama kawaida yake. Tamar akamwuliza ana nini.

"Dada, nasikia mume wako ataamua kesi ya mume wangu," Kinsi alisema. "Na hukumu nimeshaisikia. Sasa Yarrow aende korti kufanya nini?"

Tamar alimpimia mahindi yake. Maneno yale yalimkaa moyoni kutwa nzima. Alasiri akaenda kwa jirani yao, mzee Jotham, ambaye zamani alikuwa karani wa korti. Alimkuta akisuka mgono wa kutegea samaki. Akamwuliza ipi njia nzuri, hakimu achaguliwe kwa kura au ateuliwe.

Jotham hakumjibu moja kwa moja. "Mjumbe kazi yake nini?" aliuliza.

"Kutusemea sisi tuliomchagua."

"Na hakimu anamsemea nani?"

"Hamsemei mtu. Yeye anasikiliza."

"Basi hapo ndipo penye tofauti, binti yangu."

Jotham akamweleza taratibu. Kura ina uzuri wake, kwa sababu watu humchagua mtu wanayemjua, na akiharibu wanaweza kumwondoa. Lakini aliyepigiwa kura huwaogopa waliompa. Huku mtoni wakulima ni wengi. Wafugaji wako mbali na mifugo yao, na siku ya kura wengi wao wasingekuwepo.

Tamar akasema basi heri kuteuliwa. Jotham akatikisa kichwa. Alisema aliona mahali pengine, mbali kule juu mtoni, chifu alipompendekeza mpwa wake awe mzee wa korti. Tangu hapo hakuna aliyeshtaki nyumba ya chifu akashinda. "Aliyeteuliwa naye humwogopa aliyemteua," alisema.

"Na Bwana Shauri, yeye nani alimchagua?"

Jotham aliinamia mgono wake akatabasamu. Alisema swali hilo ni zuri, na siku yake inakuja. Kwa sasa, alisema, watu wadai mambo matatu. Majina yatajwe hadharani, na mwenye pingamizi aseme. Mzee mwenye jamaa yake katika kesi ashuke kitini. Na asiahidi mtu hukumu kabla ya kusikia pande zote mbili.

Tamar alimweleza mumewe yote. Danson alikasirika, akamwuliza kama anataka ashindwe.

"Mama yako akisema, kisha Yarrow akisema," Tamar alimwuliza, "utamsikia Yarrow?"

Danson alimaliza kula, akaenda kulala. Asubuhi alisema, "Nimeahidi kitu ambacho si changu."

Barazani Garsen alisimama mbele ya watu wote akaifuta ahadi yake, kisha akayataja mambo matatu ya Jotham. Baadhi ya vijana wakanung'unika, wakasema bado kura ingekuwa bora. Lakini Gure, mzee wa wafugaji, alisema alikuja kumpinga Danson na sasa hana pingamizi. Watu wakayakubali mambo yale matatu. Bwana Shauri akamteua Danson.

Kesi ya Asenath ilipoitwa, Danson alishuka kitini akaketi na wasikilizaji. Wazee waliobaki walisikiliza pande zote, kisha wakaenda shambani kuona kwa macho yao. Wakakuta mpunga mwingine ulikuwa shambani kwa haki, na mwingine Asenath alikuwa ameupanda ndani ya malka yenyewe. Wakaamua Yarrow alipe ule wa shambani, Asenath aiache malka wazi, na wote wawili waweke ua wa miiba kandokando ya malka.

Asenath alirudi nyumbani. Danson alikuwa na hofu ya kumkabili. Tamar ndiye aliyemwuliza kama ana uchungu.

"Nimepoteza kipande cha mpunga, nitakosaje uchungu?" Asenath alisema. "Lakini nilisema nikamaliza, na Yarrow akasema akamaliza. Mimi sikujua kama kisima chao kimekauka, hata ng'ombe wakakimbilia mtoni kupitia kwangu."

Siku iliyofuata alichukua panga lake, akaenda kukata miiba. Alimkuta Yarrow amekwisha kuanza upande wa pili.