Mchoraji Asiyekuwepo

Kila Jumatatu asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, wanafunzi walisongamana mbele ya ubao wa habari kando ya ofisi ya walimu. Hawakufuata ratiba ya usafi, maana hiyo haikuwahi kupata msomaji. Walifuata "Jicho la Katuni", safu ya habari na maoni kuhusu filamu za katuni. Mwandishi wake alikuwa msichana wa darasa la saba ambaye shule nzima, walimu wakiwemo, ilimwita Mhariri.

Mhariri alijua kipindi gani kimeahirishwa, mhusika gani amebadilishiwa sauti, na mashabiki wamenuna kwa sababu gani. Alichokipenda kuliko vyote ni Kobe wa Ghorofani, kipindi kilichotengenezwa na studio ndogo ya mji huohuo. Jumamosi alikitazama kwenye simu ya kaka yake. Jumapili aliandika safu yake, mama yake akishona nguo za wateja upande wa pili wa meza. Jumatatu aliibandika mwenyewe, kisha akainama pembeni akijifanya anafunga kamba za viatu, kumbe anasikiliza wanavyomsifu. Kamba za viatu vile zilifungwa sana mwaka ule.

Wiki moja, kwenye kundi la mashabiki, mtu alituma picha aliyoipata kwa kuisimamisha video katikati, pale Kobe anapogeuka ghafla kutazama nyuma. Katika picha hiyo Kobe alikuwa na macho manne, na shingo imevutika kama mpira wa manati. Mashabiki walivunjika mbavu. "Wachoraji wamelala!" aliandika mmoja. "Hata mdogo wangu anachora vizuri kuliko hawa!" aliandika mwingine.

Jumapili Mhariri aliandika kwa hasira ya shabiki aliyesalitiwa. Alisema studio inalipua kazi, inachora harakaharaka bila kujali. Alipomaliza akasoma, akaona maneno bado yanapwaya. Habari za magazeti ya wakubwa huwa na mtu wa ndani anayetoboa siri, na yeye hakuwa na mtu wa ndani. Akatafuna kalamu kidogo, akaongeza:

"Mchoraji mmoja wa studio hiyo, ambaye hakutaka nimtaje, aliniambia: 'Siku hizi tunalipua tu. Watoto wenyewe hawajui tofauti.'"

Aliisoma tena, ikanoga. Akamwomba kaka yake aipige picha na kuituma kwenye kundi la mashabiki.

Jumatatu hiyo ubao ulizingirwa hadi kengele ikalia bila kusikika. "Mhariri kiboko! Kumbe una watu hadi studio!" walimwambia. Ni mmoja tu ambaye hakumsifu. Huyu alikaa naye dawati moja, na waliitwa mapacha kwa jinsi walivyoandamana. Jina lake la utani lilikuwa Kifutio, kwa sababu alifuta kila mchoro wake mpaka karatasi ikatoboka. Mama yake alikuwa mchoraji katika studio ileile.

"Nani alikuambia hivyo?" Kifutio aliuliza.

"Mwandishi hamtaji mtu wake," Mhariri alijibu, kichwa kimemvimba.

Siku chache baadaye Kifutio alikuja shuleni macho mekundu. Hakutoa daftari wala kalamu. Mhariri alipomgusa bega, alijiondoa.

"Mama ameitwa na msimamizi wa studio," alisema kwa sauti ya chini. "Habari yako imeenea kwenye simu za watu. Televisheni inayonunua kipindi imepiga kuuliza. Wanasema aliyezungumza na wewe ni mama, kwa sababu ndiye pekee mwenye mtoto shule hii. Wanataka kumtoa kwenye msimu mpya."



"Niambie ni nani," Kifutio alimsihi. "Sitamwambia mtu mwingine. Ni ili mama yangu apone tu."

Hapo ndipo Mhariri alipotakiwa kusema kweli. Ilikuwa mdomoni, tayari. Lakini aliwaza ubao, sifa, na wale waliomwita kiboko, akaona aibu. Akaikimbia aibu hiyo na kuangukia kubwa zaidi.

"Si mama yako," alisema. "Ni... ni mwanamume."

Uso wa Kifutio ulichangamka papo hapo. "Mwanamume? Wako wawili tu! Yule kijana mpya, au yule baba mwenye watoto mapacha. Ngoja nikamwambie mama leo hii!"

"Usimwambie!" Mhariri alipiga kelele, na darasa zima likageuka. "Sina uhakika. Labda nilikosea."

Kifutio alimtazama. Akachukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma.

Jioni Mhariri hakugusa chakula. Mama yake alisimamisha cherehani. Mama huyu hakuwa na kawaida ya kuisimamisha kwa jambo dogo.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi umefanya nini?"

Machozi yalitangulia maneno. Alieleza yote: mchoraji aliyemtunga, kisha mwanamume aliyemtunga ili kumficha mchoraji. Alingoja makofi au makelele. Mama aling'oa pini moja baada ya nyingine kwenye gauni la mteja.

"Mimi huwa nawasomea wateja wangu safu yako," mama alisema hatimaye. "Hii nimewasomea pia. Kesho ukitoka shule tunakwenda studio, na utakayesema ni wewe. Mimi nitasimama tu."

Studio ilikuwa juu ya duka la rangi na misumari. Mapazia yalifungwa mchana kweupe ili mwanga usiwasumbue wachoraji. Kila meza ilikuwa na kioo kidogo cha kujitazamia. Mwanamke mmoja alikuwa akikunja sura mbele ya kioo chake, akishangaa, kisha akinuna, kisha akichora alichokiona. Siku nyingine yoyote Mhariri angeruka kwa furaha kufika mahali pale. Siku hiyo alitamani ngazi zingekuwa ndefu zaidi.

Msimamizi wa studio, mzee mwenye miwani machoni na nyingine kichwani, alimwita Mama Kifutio. Wachoraji wengine waliacha kazi zao. Wanaume wawili walikuwapo, mmoja kijana, mwingine ana picha ya watoto mapacha mezani kwake. Mhariri hakuweza kuwatazama.

"Shikamooni," alisema, mama yake amesimama nyuma yake. "Mimi ndiye niliyeandika ile habari."

"Marahaba. Nani alizungumza na wewe?" aliuliza msimamizi.

"Hakuna."

"Usiogope, hatutamfanya kitu."

"Hakuna mtu, babu. Nilimtunga. Na mwanamume pia nilimtunga."

"Mwanamume yupi tena?" kijana mpya aliuliza, macho yamemtoka. Mtu akacheka kidogo, kisha akajizuia. Mhariri hakuwa na pa kuuficha uso wake.

Msimamizi alivua miwani, akamgeukia Mama Kifutio. "Ulinieleza ukweli tangu mwanzo, nami sikukusikiliza. Niliamini karatasi ya ubaoni kuliko mtu niliyefanya naye kazi miaka yote hii. Nisamehe. Msimu mpya ni wako, na televisheni nitawapigia mwenyewe."

Mama Kifutio aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwita Mhariri mezani kwake, akafungua kompyuta. Picha ya Kobe mwenye macho manne ikatokea.

"Ulicheka hii?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa tazama." Aliichezesha video. Kobe akageuka kutazama nyuma, wepesi kama mtu aliyeitwa jina ghafla. Hakuna macho manne yaliyoonekana. "Hii picha inapita kabla hujapepesa jicho. Nisipoivuta shingo, nisipoyachora macho mara mbili, Kobe atageuka kama mlango wenye kutu. Nimeichora makusudi, na imenichukua kutwa nzima."

Mhariri alitazama sakafu. Aliita kazi ya kutwa nzima kulipua.

"Nisikilize, mwanangu," alisema Mama Kifutio. "Kama kazi yangu hukuipenda, andika hukuipenda. Itaniuma, lakini maoni ni yako, na mimi nitakunywa maji nilale. Ukikosea kwa kutojua, uliza, utajua. Lakini habari si maoni. Ukiandika kwamba mtu amesema, lazima mtu awepo na awe amesema. Usipokuwa na mtu, acha nafasi tupu. Wewe ulitunga mtu asiyekuwepo, na lawama zikatafuta mtu aliyepo. Zikanipata mimi."

"Nisamehe, mama," Mhariri alisema huku akilia.

"Mimi nimekusamehe. Lakini kuna mtu alikuwa ananitazama mezani kila jioni, akijiuliza kama mama yake ni mwongo. Huyo siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Jumatatu iliyofuata ubaoni palikuwa na karatasi moja fupi. Mhariri aliandika kwamba hakuna mchoraji yeyote aliyezungumza naye, kwamba maneno yale aliyatunga mwenyewe, na kwamba macho manne ya Kobe yalichorwa kwa ufundi ambao yeye hakuujua. Kaka yake aliituma kwenye kundi la mashabiki. Chini ya karatasi Mhariri aliandika jina lake kamili, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo wengi hawakuwahi kulisikia.

"Kumbe mtunga hadithi!" mmoja alimzomea. "Tusome nini tena hapa?" Wengine walicheka na kuondoka. Mashavu yalimwaka, lakini hakuinama kwenye viatu vyake. Alisimama wima wamwone.

Kifutio alifika wa mwisho, watu wameshapungua. Mhariri alimwendea.

"Nilikuona unalia nikakudanganya tena," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Naomba unisamehe."

Kifutio aliweka mkoba chini. Alikunja uso, akatazama ubao, akamtazama Mhariri.

"Bado sijakusamehe," alisema. "Lakini sogea, umeziba maandishi. Nataka kuisoma yote."

Mhariri akasogea.