Kopo la Mgeni na Vidonge vya Mzee Hironimus

Mgeni alifika wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa na begi kubwa begani, na viatu vyake vimejaa vumbi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," alijibu Walburga. "Umetukuta tunakula. Nawa mikono."

Katika nyumba hii ya mtaa wa Lizaboni, mjini Songea, mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Mgeni alinawa, akaketi mkekani, akamega ugali. Alisema anaitwa Ramson. Alikuwa mchuuzi. Huko Majengo alielekezwa kwa Gaudence, mchezaji wa mpira, kwamba anaweza kununua vitu vya kuongeza nguvu.

"Gaudence ni huyu mwanangu," Walburga alisema.

Mume wake, mzee Hironimus, alimtazama mgeni. "Jina lako nani, bwana?"

"Ramson, mzee."

Baada ya matonge machache Hironimus aliuliza tena. "Hivi umesema unaitwa nani?"

"Ramson."

Alipouliza mara ya tatu, Walburga aliinamia bakuli la dagaa. Gaudence alikohoa.

Hironimus alikuwa fundi seremala. Zamani hakukosea kipimo. Sasa alipima mbao, akaweka futi chini, na alipoinua msumeno kipimo kilikuwa kimempotea. Alimtengenezea jirani yao Gaspari mlango mfupi kuliko fremu. Gaspari aliusimamisha barabarani, akaita watu.

"Njoni mwone! Fundi amewakumbuka kuku wangu!"

Watu walicheka sana. Tangu siku hiyo wateja walipungua. Hironimus aliendelea kufagia karakana yake kila asubuhi, hata kama hapakuwa na kazi.

Ramson alikuwa ameuona usahaulifu wa mzee. Alifungua begi, akatoa kopo jeupe lenye picha ya mtu mwenye mikono minene. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu vya kila aina viliingia kutoka nje.

"Hii inaitwa krietini," alisema. "Inatoka Afrika Kusini. Wanamichezo wanaitumia kujenga misuli. Na ubongo nao ni kama msuli, mama. Ukiulisha, unaamka."

Ramson hakuwa anadanganya kwa makusudi. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia. Walburga alimpa majogoo wake wawili, akapokea kopo.

"Na vidonge vya presha alivyopewa baba hospitali?" Gaudence alimwuliza mama yake, mgeni alipokwisha kuondoka.

"Tuviweke kando kwanza. Dawa mbili zikikutana tumboni zinagombana. Hii ndiyo ya akili. Tuipe nafasi."

Walburga alivificha vidonge ndani ya kikapu cha mahindi. Kila asubuhi alikoroga unga wa kopo kwenye togwa.

"Togwa ya leo ina mchanga," Hironimus alilalamika.

"Kunywa, baba. Ni ya akili."

"Akili ya nani?"

Baada ya wiki chache Hironimus alianza kusema kisogo kinagonga. Halafu asubuhi moja, akiwa karakana, alipepesuka. Msumeno ulimponyoka ukaanguka karibu na mguu wake, naye akaanguka chini. Gaudence alikimbia kumwita Judica, nesi aliyehamishiwa Songea kutoka Same. Alikuwa amepanga nyumba ya jirani.

Judica alimfunga mzee kipimo cha presha mkononi. Alisoma, kisha akapima tena.

"Mzee, twende hospitali sasa hivi. Mama Gaudence, vidonge alimeza lini mara ya mwisho?"

Walburga alikwenda kuvitoa kwenye kikapu cha mahindi. Kisha akasema, "Nimevificha mimi. Nilitaka apone." Akamwonyesha kopo.

"Najua ulitaka apone," Judica alisema. "Kopo hili silijui. Nitamwuliza daktari."

Hironimus alilazwa, presha ikashuka, akarudi nyumbani. Jioni hiyo Judica alikuja na kopo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Daktari amenieleza. Hii krietini mwili wenyewe unaitengeneza. Nyingine tunaipata kwenye nyama na samaki."

"Hata dagaa wa Nyasa?" Walburga aliuliza.

"Hata hao."

"Mungu wangu! Majogoo wangu wawili kwa dagaa wa kopo!"

Hironimus alicheka kuliko wote.

"Anayefanya mazoezi mazito inaweza kumsaidia misuli," Judica aliendelea. "Kuhusu ubongo, wataalamu bado wanachunguza. Hakuna aliyethibitisha kwamba inaponya usahaulifu. Na mwenye presha asinywe unga wa namna hii kabla ya kupimwa figo na kumwuliza daktari."

"Sasa anasahau kwa nini?"

"Sababu ni nyingi. Umri, kukosa usingizi, pombe, huzuni. Presha nayo huharibu mishipa ya ubongo polepole, na inaweza kuleta kiharusi. Kilichomwangusha mzee ni kuacha vidonge. Havikugombana na kitu. Avimeze kila siku, apunguze chumvi, atembee, na aende kliniki kila mwezi."

"Mngeniuliza," Hironimus alisema taratibu. "Mimi nasahau vipimo. Sijasahau kusema."

Alimgeukia mwanawe. "Siku ya kliniki nitaisahau. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka, baba. Hata iweje."

Miezi ilipita. Presha ya Hironimus ilitulia. Bado alisahau majina, lakini sasa aliandika kila kipimo kwa chaki juu ya ubao wenyewe kabla ya kushika msumeno. Alimtengenezea Gaspari mlango mwingine. Ulikaa sawasawa kwenye fremu. Gaspari aliufungua, akaufunga, akaufungua tena.

Kisha siku ya kliniki ikaangukia siku ya fainali. Mechi ilikuwa Mbinga. Gaudence alikwenda kwenye lori la timu bila viatu vya mpira, akasema anampeleka baba yake kliniki.

"Unatania," alisema Amedeus, nahodha. "Mwezi ujao si kuna kliniki nyingine?"

"Nilimwahidi."

"Basi namba yako nampa Majaliwa. Akifunga, usije kuniomba nikurudishie."

"Sawa."

Alimkuta baba yake anafagia karakana.

"Leo si mnacheza?"

"Tunacheza, baba."

"Sasa mbona uko hapa?"

"Leo ni kliniki."

Hironimus aliegemeza ufagio ukutani. "Nilikuwa nimesahau."

"Najua. Chukua kofia yako."

Walitoka pamoja. Lori liliwapita njiani, wachezaji wakiimba na kupiga miluzi. Gaudence aliwapungia mkono. Kisha akaendelea kutembea, kwa mwendo wa baba yake.