Mchezo wa Dakika Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kobe alipiga pasi nguo ambazo mama yake, fundi cherehani, alikuwa amezimaliza kushona jana yake. Wakati pasi inapata moto, alipanga kete za sataranji juu ya meza ya kukatia vitambaa, akawa anajiuliza farasi wake aende wapi.

"Mwanangu," mama alisema, pini zikiwa mdomoni, "mwondoe farasi wako juu ya suruali ya watu. Mteja akikuta alama za kwato nitamwambia nini?"

"Subiri kidogo, mama. Bado anafikiri."

"Farasi au wewe?"

Jina la Kobe alipewa na wanafunzi wenzake, wala halikumuudhi. Msichana huyu wa miaka kumi na mitatu alifikiri sana kabla ya kugusa kete, na akishaigusa, mara nyingi mpinzani wake ndiye aliyejuta. Tangu mwaka uanze alitaka kitu kimoja tu: kuingia katika timu ya sataranji itakayoiwakilisha shule yao mashindanoni. Siku hiyo nafasi ya mwisho ingepata mwenyewe.

Alasiri chama cha sataranji kilipokutana, Kobe alikuwa sawa kwa alama na Kiberiti, msichana mwembamba aliyehamia shuleni muhula huo. Mwalimu wa hisabati, mama mwenye sauti ya chini aliyeisimamia timu, aliwakumbusha sheria. Waliolingana hucheza mchezo mmoja wa haraka, kila mtu na dakika tatu zake. Dakika zako zikiisha, umeshindwa.

"Mmekubali?"

"Tumekubali, mwalimu," walijibu wote wawili.

Kiberiti alicheza kama jina lake. Alisogeza kete, akabonyeza saa, akasogeza, akabonyeza. Kobe alitangulia kupata ngome ya ziada, kisha akaiona njia ya kumnasa mfalme. Moyo ulimruka. Aliipitia njia ile kichwani, akaona ni sawa. Akaipitia tena ili awe na uhakika, na hapo saa ikalia. Dakika zake zilikuwa zimekwisha.

Kiberiti alinyoosha mkono kumpa. Kobe hakuupokea. Alizifagia kete zote kwa kiganja, zikatawanyika sakafuni.

"Hii si sataranji!" alifoka. "Haya ni mashindano ya kuipiga saa makofi! Nilikuwa nakushinda, kila mtu ameona. Wewe si mchezaji, ni mwizi!"

"Mwizi?" Kiberiti alisimama. "Hebu rudia."

"Mwizi! Umeiba nafasi yangu!"

"Kobe," mwalimu alisema, "okota kete."

Kobe hakuokota hata moja. Alibeba mkoba wake, akatoka, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Hasira zake hazikulala. Alfajiri aliamka nazo, na pasi ilikiona cha moto. Alipofika shuleni alimshika mkono Miwani, rafiki yake wa kukaa dawati moja, akamvuta hadi ofisi ya mwalimu mkuu.

"Wewe ulikuwepo. Utakuwa shahidi wangu," alimwambia njiani. Miwani alijivuta, lakini akamfuata.

Mwalimu mkuu hakuijua sataranji, lakini alimsikiliza Kobe mpaka mwisho.

"Ule ulikuwa ni kubahatisha tu, mwalimu," Kobe alisema. "Mtu hana hata muda wa kufikiri! Naomba turudie bila saa, tucheze sataranji ya kweli."

"Kama ni kubahatisha, hoja yako ina uzito," alisema mwalimu mkuu. Akaagiza mwalimu wa hisabati aitwe pamoja na Kiberiti.

Kiberiti aliingia uso umemkunjamana. Mwalimu mkuu akamuuliza kama kweli alikuwa anabahatisha. Kiberiti aliomba ubao wa sataranji, akapanga kete juu ya meza, akaanza kuucheza upya mchezo wote wa jana, hatua kwa hatua, bila kukosea.

"Hapa niliiacha ngome makusudi, ili farasi wake avutwe pembeni. Hapa nilijua atakwama kufikiri, kwa sababu njia zilikuwa mbili na zote nzuri." "Tulikokuwa tunakaa, ubao ulikuwa mmoja na watoto tele. Ukichelewa, unanyanyuliwa, anakaa mwingine. Nimecheza hivyo tangu nikiwa mdogo. Kama huo ni wizi, basi wizi wangu nimeutolea jasho!"

Mwalimu wa hisabati alitikisa kichwa polepole kukubali. Kobe aliona mambo yanamponyoka.

"Hata hivyo!" alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Kushinda kwa saa si kushinda. Miwani, waambie!"

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la sketi.

"Nikisema kweli utaninunia."

"Sema tu!"

"Mimi na wewe tulipocheza mchezo wa kwanza kabisa," Miwani alisema, "wewe malkia wako alikuwa ameshaliwa, mimi wangu nilikuwa naye. Saa yangu ikaisha. Nikataka kulia. Ukanipa mkono, ukaniambia, 'Pole, rafiki yangu. Saa nayo ni mchezaji.'"

Masikio ya Kobe yaliwaka. Alitaka kumwita Miwani msaliti, lakini hakuweza. Maneno aliyoyasema Miwani yalikuwa ya Kobe mwenyewe, hayakuongezwa wala kupunguzwa.

"Bado unataka mrudie?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Hapana, mwalimu." Akamgeukia Kiberiti. "Samahani."

"Siitaki," Kiberiti alijibu. "Uliniita mwizi mbele ya chama kizima. Samahani ya kujifungia ofisini ya nini?"

Mwalimu mkuu alitaka kumkemea, lakini mwalimu wa hisabati akamwahi. "Ana haki, mwalimu mkuu."

Kwa hiyo alasiri ile Kobe alisimama mbele ya chama. "Kiberiti hakuiba chochote," alisema. "Alishinda. Mimi niliikubali sheria, halafu nikaikataa iliponiuma. Na Miwani nilimshinda kwa sheria hiyo hiyo, nikafurahi." Mtu mmoja nyuma alicheka. Kobe aliuma meno, akamaliza. "Naombeni radhi, nyote wawili."

Miwani alimsogelea, akasimama karibu naye.

"Ile njia yako ya kumnasa mfalme niliiona," Kiberiti alisema. "Jasho lilinitoka."

"Ningepata muda kidogo tu..."

"Lakini hukupata," Kiberiti alimkatiza, na wote wawili wakajikuta wanacheka, ingawa kila mmoja alikuwa bado amenuna kidogo.

Ikakubaliwa kwamba Kiberiti aingie timuni na Kobe awe mchezaji wa akiba. Wangefanya mazoezi pamoja, kwa maana Kiberiti alikuwa dhaifu katika michezo mirefu, na huko mashindanoni ingekuwepo.

"Tangu jana mnabishana kama mchezo wa haraka ni sataranji ya kweli," mwalimu wa hisabati aliwaambia. "Mchezo wa polepole hupima unachoweza kukitafuta. Wa haraka hupima ulichokwisha kukijua. Kete ni zile zile, na akili ni ile ile. Na wewe, Kobe, sikugombezi kwa kukasirika. Asiyeumia akishindwa, hakuwa anacheza. Ila sheria iliyokubeba siku za nyuma ukaishangilia, usiitukane leo kwa kuwa imekuangusha. Mtu wa kweli hupimwa hapo, mchezo uwe wa dakika tatu au wa siku nzima."